Fangasi wa kwenye matumbawe wanaweza kuua bakteria sugu? Naombeni wenye ujuzi mnisaidie

Mwalimu_wa_Tukuyu

Habari za jioni ndugu zangu, na wakubwa shikamooni.

Nafundisha Baiolojia sekondari ya kata huku Rungwe. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye fangasi, nikasema yale tunayosema miaka yote: fangasi hupenda unyevunyevu na vitu vilivyokufa, mkate uliolala, gogo lililooza, gunia la mahindi yasiyokauka vizuri, vidole vya anayevaa buti kutwa. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kaka yake anaendesha boti ya watalii kule Mafia, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kaka anasema hata kwenye matumbawe fangasi wapo, na kuna watu wanawachukua wawatafutie dawa ya kuua bakteria. Ni kweli? Halafu matumbawe si mawe, sasa wanakula nini?"

Nikamwambia swali lake ni zuri na jibu nitamletea. Usiku ule nilichelewa sana kupata usingizi, na si kwa sababu ya swali peke yake.

Desemba mdogo wangu alianguka na pikipiki kwenye mteremko wa kuingia Kiwira, mvua inanyesha. Mfupa wa chini ya goti ulitokeza nje. Akapasuliwa, akafungwa vyuma, tukajua yameisha. Wiki ya tatu kidonda kikaanza kutoa usaha. Akapigwa sindano za seftriaksoni siku kumi, asubuhi na jioni, usaha uko palepale. Ndipo wakachukua sampuli wakaenda kuotesha. Karatasi ya majibu niliipokea mimi dirishani. Juu imeandikwa jina la bakteria, Klebsiella. Chini yake majina ya dawa yamepangwa moja baada ya nyingine, na mbele ya kila dawa herufi moja tu. Ampisilini R. Septrini R. Jentamisini R. Siprofloksasini R. Seftriaksoni R. Nikashusha kidole taratibu, kila mstari R, mpaka mistari miwili ya mwisho ndipo nikakuta S: amikasini na meropenemu. Nikamuuliza yule kijana wa dirishani R ni nini. Akaniambia, "Mama, R maana yake dawa hiyo bakteria wameishaizoea, S maana yake bado inawaweza."

Mguu umebaki, namshukuru Mungu, ila goti halikunji mpaka mwisho na bado anatembelea gongo. Ile karatasi ninayo mpaka leo, nimeikunja ndani ya daftari la maandalio ya somo.

Kwa hiyo binti aliponiuliza habari za fangasi wa baharini na bakteria, aliniuliza kitu ninachokitaka mwenyewe. Ni kweli wapo? Wanafanya nini huko chini ya maji, na kwa nini waue bakteria? Kuna dawa imeishapatikana? Na jambo moja zaidi. Jirani yetu, mama mtu mzima na mwenye nia njema kabisa, alitushauri tukwangue ukungu wa mkate tuupake kwenye kidonda, kwa kuwa penisilini ilitoka huko. Hatukupaka, lakini la kumjibu sikuwa nalo. Ningependa nilipate.

---

Mnyalukolo_Maabara

Kamwene mwalimu. Pole sana na mdogo wako. Karatasi za namna hiyo nimeziandika kwa mkono wangu miaka mingi, na ninajua mtu akiondoka nayo dirishani anaondoka na mzigo gani.

Mimi ni mteknolojia wa maabara, sasa niko Iringa. Kabla ya hapo nilikaa Zanzibar miaka miwili nikiwasaidia wanafunzi waliokuwa wakiotesha fangasi kutoka kwenye matumbawe laini. Mengine nitakayokueleza nimeyashika kwa vidole.

Kwa binti: kaka yake hakumdanganya. Fangasi wapo, juu ya tumbawe, ndani ya nyama yake na hata ndani ya mfupa wake wa chokaa, na baadhi yao hutoa kemikali zinazoua au kuzuia bakteria.

Hilo la mawe linahitaji kunyooshwa kwanza, maana ndilo linalowachanganya wengi, hasa sisi wa bara tuliozoea kuona chokaa ikija kwenye mifuko. Tumbawe ni mnyama, ndugu wa konyeza. Mnyama mwenyewe anaitwa polipu, mara nyingi ni mdogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, ana mdomo na mikono mifupi imeuzunguka, na anaishi na wenzake kwa maelfu wameshikana. Lile jiwe ni nyumba anayoijenga chini yake kwa chokaa aliyoitoa kwenye maji ya bahari. Ndani ya mwili wake amefuga mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza sukari kwa jua na kumgawia. Sehemu ya sukari hiyo tumbawe huitoa nje kama ute unaomfunika mwili mzima. Tumbawe laini ukilitoa majini ukalishika, ule ute unavutika kati ya vidole kama bamia.

Ute huo ndio soko lenyewe. Una sukari na protini, na kila kiumbe kidogo kinachopita kinautaka. Mililita moja ina mamilioni ya bakteria. Fangasi naye yumo, anakula ute, anakula mabaki ya mwani uliokufa, na walio ndani ya chokaa hutoboa vijia vyembamba kuwafuata mwani wanaoishi humo ndani ya jiwe. Fangasi akikaribia nyama ya polipu, tumbawe humzibia njia kwa kuweka tabaka jipya la chokaa mbele yake, tabaka juu ya tabaka, karibu kama chaza anavyofunika kitu kigeni kilichomwingia kikawa lulu.

Sasa kwa nini aue bakteria. Fangasi hana miguu. Bakteria huzaliana kwa dakika, yeye kwa siku. Chakula kikiwa kimoja na mwenzako ana kasi kuliko wewe, na huwezi kuhama, lazima uwe na kitu cha kumzuia asikusogelee. Fangasi hutoa kemikali pembeni yake. Haimaanishi kwamba anamtetea tumbawe kwa wema. Kuna wakati silaha hizo humfaa tumbawe kwa sababu bakteria wanaozuiwa ni wale waletao ugonjwa, na kuna wakati fangasi huyohuyo akimkuta tumbawe amedhoofika humgeukia. Kule Karibiani, miaka ya 1990, matumbawe laini yenye umbo la upepeo yalishikwa na madoa ya zambarau yaliyokula tishu mpaka kubaki matundu. Aliyekutwa ni Aspergillus sydowii, fangasi anayejulikana sana kwenye udongo wa nchi kavu.

Kazi yenyewe tuliifanya hivi. Kipande cha tumbawe laini, kisichozidi ukucha wa kidole gumba, tunakiosha mara tatu kwa maji ya bahari yaliyochemshwa kwenye mtungi wa presha, ili yale yaliyopita tu juu yake yaondoke. Tunakikatakata, tunakiweka kwenye sahani ya chakula cha fangasi. Na hapa mwalimu utafurahi: chakula hicho ni viazi. Gramu 200 za viazi zinachemshwa, supu yake inachujwa, inawekwa sukari ya glukosi gramu 20 na agari ya kugandishia gramu 20, inafikishwa lita moja. Kwa fangasi wa baharini tunatumia maji ya chumvi badala ya maji ya bomba. Viazi tulinunua Darajani, na muuzaji kila siku alitangaza kwamba ni vya Mbeya. Nilikuwa navimenya nikiukumbuka ukungu wa asubuhi wa Uporoto, ndani ya chumba chenye joto la kumwaga jasho.

Siku ya nne unaona nyuzi nyeupe zimeanza kutoka pembezoni mwa kipande. Siku ya kumi sahani moja ina bustani nzima: mmoja kijani, mmoja mweusi kama masizi, mmoja wa rangi ya nyama. Unamtenga kila mmoja kwenye sahani yake. Kisha unachukua sahani nyingine, unaipaka bakteria kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate, na katikati unaweka kidonge cha agari kilichokatwa kutoka kwa fangasi. Unaacha usiku kucha kwenye nyuzijoto 37.

Asubuhi moja nilifungua kabati la joto nikakuta sahani imejaa utando wa Staphylococcus, rangi ya maziwa yaliyoganda, na kuzunguka kile kidonge pana duara safi. Safi kabisa, unaona meza kwa chini. Niliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, nikaweka rula, milimita kumi na tano. Nilimwita kila aliyekuwa kwenye lile jengo.

Lakini mwalimu, sikiliza na yaliyofuata, maana ndiyo yatakayokujibu kuhusu dawa. Tulizivuta kemikali za fangasi yule kwa ethili asetati, tukazijaribu kwa wale kamba wadogo wa maji ya chumvi ambao maabara nyingi huwatumia kupima sumu. Kesho yake walikuwa wamekufa wote. Spiriti nayo huua bakteria, na jiki pia. Kinachotafutwa ni kitu kinachomwua bakteria na kumwacha mgonjwa mzima, na hapo ndipo fangasi wengi wanapoachwa njiani.

La pili, Staphylococcus ana ukuta mmoja mnene lakini unaopenyeka. Klebsiella aliyemshika mdogo wako ana utando mwingine wa mafuta kwa nje unaozuia dawa nyingi kuingia. Kemikali nyingi zinazopatikana kwa fangasi wa matumbawe hufanya kazi kwa kundi la Staphylococcus na hushindwa kwa kundi la Klebsiella. Sipendi kukuandikia hivyo, ila ndivyo ilivyo. Hakuna dawa hata moja iliyoko dukani leo iliyotoka kwa fangasi wa matumbawe.

Ila ipo iliyotoka kwa fangasi wa baharini, na unaifahamu. Mwaka 1945 huko Cagliari, kisiwa cha Sardinia, Italia, daktari aitwaye Giuseppe Brotzu alichukua maji ya bahari pale bomba la majitaka ya mji lilipomwaga. Alijiuliza inakuwaje watu wanaoga karibu na majitaka yale na wasiugue homa ya matumbo kama ilivyotarajiwa. Kwenye maji hayo akampata fangasi, Cephalosporium, anayezuia bakteria kadhaa, akiwamo wa homa ya matumbo. Mwaka 1948 alimtuma Oxford, Uingereza, na huko Edward Abraham na Guy Newton wakaitoa kemikali iliyoitwa sefalosporini C. Dawa ya kwanza ya ukoo huo iliingia sokoni mwaka 1964. Kizazi cha tatu cha ukoo huohuo ndicho kilichotupa seftriaksoni.

Ile iliyoandikwa R kwenye karatasi yako, mwalimu, asili yake ni fangasi aliyetekwa kwenye maji ya bahari.

---

Famasia_Makambako

Pole mwalimu, na ahsante dada wa Iringa, nimejifunza.

Nijibu la ukungu wa mkate, kwa kuwa hapa dukani naulizwa hilo kila mwezi. Tafadhali mama jirani aambiwe kwa heshima kwamba alichosikia kina ukweli wake, ila kidondani hakiendi.

Fleming aliiona penisilini mwaka 1928 pale London, ukungu umeangukia sahani yake ya Staphylococcus. Lakini aliouona si kila ukungu, ni aina moja ya Penicillium, na hata huo hutoa dawa kidogo mno. Mwaka 1941 kule Oxford walimtibu polisi mmoja, Albert Alexander, aliyekuwa na maambukizi yaliyokwisha kumla jicho. Alianza kupata nafuu ndani ya siku chache. Dawa ilikuwa adimu kiasi kwamba walikusanya mkojo wake, wakaitoa penisilini iliyomo, wakamdunga tena. Ikaisha kabla hajapona, bakteria wakarudi, akafariki mwezi Machi. Maabara nzima ya Oxford ilishindwa kumtosheleza mtu mmoja, sasa kijiko cha ukungu wa mkate kitatosheleza kidonda gani?

Halafu kwenye mkate uleule kuna fangasi wengine, na baadhi hutoa sumu. Sote tunakumbuka mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sumukuvu ya kwenye mahindi. Fangasi anayeitoa sumu hiyo ni Aspergillus flavus, na ana ndugu wengi wasioonekana tofauti kwa macho. Mama hawezi kuwatenganisha, na mimi siwezi, inahitaji hadubini na mtu aliyefundishwa. Pia Klebsiella kwa asili yake penisilini haimtikisi, hata ingekuwa safi ya kutoka kiwandani.

Mwalimu, mwambie na hili, litampendeza: griseofulvini, vile vidonge tunavyowapa watoto wenye mapunye kichwani, vilitoka kwa fangasi pia, ndugu wa yule wa penisilini. Fangasi anayetoa dawa ya kuwazuia fangasi wenzake.

Juu ya usugu nina uchungu na jambo moja. Mtu anaingia dukani na shilingi elfu moja anataka "rangi mbili nne tu". Vidonge vinne vya antibiotiki. Nikimkatalia anakwenda duka la pili, na huko anapewa. Mwaka 2019 peke yake usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara ndiko mzigo ulikokuwa mzito kuliko kwingine kote. Hata fangasi wa matumbawe atupe dawa kesho, tukiiuza vidonge vinne vinne itaandikwa R kabla watoto wetu hawajakua.

---

Mpunga_Mbarali

Salaam. Mimi mkulima, elimu yangu ya darasa la saba, lakini nafuatilia. Dada wa maabara amesema yule fangasi aliyeua matumbawe ni wa udongoni. Sasa maji ya mashamba yetu huku Usangu yanaingia Ruaha Mkuu, Ruaha inakwenda Mtera, Kidatu, inaingia Rufiji, na Rufiji inamwaga baharini. Ina maana fangasi wa matope yetu wanaweza kufika huko kwenye matumbawe?

---

Mnyalukolo_Maabara

Mzee wangu wa Mbarali, umegusa swali linalowashughulisha wataalamu wenyewe.

Ukitazama majina ya fangasi wanaotoka kwenye matumbawe mara nyingi, utakuta Aspergillus, Penicillium, Cladosporium. Haohao wa kwenye ghala la mahindi Ismani. Ndiyo maana wapo wanaouliza: hawa ni wenyeji, au ni mbegu za nchi kavu zilizobebwa na mito na upepo, zikalala kwenye ute, zikaota tu pale mtu alipozipa viazi na sukari? Yule wa Karibiani, watafiti kadhaa walidhani alifika na vumbi la Sahara linalovuka Atlantiki, wengine hawakukubali. Kumpata fangasi kwenye sahani hakuthibitishi kwamba alikuwa anaishi pale. Siku hizi wanasoma jeni moja kwa moja kutoka kwenye kipande cha tumbawe bila kuotesha, na wanakuta pia fangasi ambao hawajawahi kuota kwenye sahani yoyote.

Wapo pia walioishi majini muda mrefu wakabadilika. Ukiwapa maji ya chumvi hukua vizuri kuliko kwenye maji baridi, na hutoa kemikali ambazo ndugu zao wa nchi kavu hawazitoi. Hao ndio wanaotafutwa.

Kuhusu mto: delta ya Rufiji inatazamana na kisiwa cha Mafia. Kinachotoka Usangu na kupita mabwawa yote yale kinaweza kufika huko, na chenye madhara zaidi kuliko fangasi ni matope yenyewe. Tope likitanda juu ya tumbawe linazuia jua, mwani wa ndani hautengenezi sukari, polipu anatumia nguvu zake zote kujisafisha kwa ute. Tumbawe lililochoka hivyo ndilo linaloshikwa na magonjwa. Ongeza na joto la bahari. Mwaka 1998, na tena 2016, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka yakawa meupe kama mifupa iliyoachwa juani. Niliambiwa na mvuvi mmoja wa Mafia kwamba alikuwa akipita juu yake na ngalawa na kuona chini kweupe mpaka akaogopa.

Tumbawe likifa, ute unakwisha, na lile soko lote linafungwa. Fangasi ambaye hatujamtenga wala kumpa jina anaondoka nalo.

---

Ilomba_Mkongwe

Nawasoma kwa makini. Ninachojiuliza, kama tangu mwaka 1945 yule Mtaliano alimpata wa kwake kwenye majitaka, mbona miaka hii yote hakuna mwingine? Wataalamu wa China na Marekani hawana vifaa?

---

Mnyalukolo_Maabara

Shikamoo mzee. Vifaa wanavyo. Watafiti wa China kwa miaka mingi wamekuwa wakitoa fangasi kwenye matumbawe laini ya Bahari ya China Kusini na kuwajaribu kwa bakteria mbalimbali, na kemikali walizozipata ni nyingi mno. Vikwazo viko kwingine.

Kimoja ni kuokota kilichokwisha kuokotwa. Unahangaika mwaka mzima kuisafisha kemikali, ukiipima unakuta iliishaandikwa zamani kutoka kwa fangasi wa shambani.

Cha pili kinanivutia zaidi. Fangasi ana jeni za kutengeneza silaha nyingi, lakini kwenye sahani yetu yuko peke yake, ameshiba viazi, hana adui. Atazitengeneza za nini? Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walieleza habari za fangasi aliyetolewa juu ya mwani wa Bahamas. Peke yake hakutoa kitu kile. Walipomwotesha chombo kimoja na bakteria wa baharini, akatoa kemikali waliyoiita pestaloni, ikawaua hata Staphylococcus waliozoea dawa. Haijawa dawa ya hospitali, ila ilitufundisha kwamba tumekuwa tukiwapima fangasi wakiwa wamelala. Toka siku niliposoma hilo nilikuwa naziweka sahani zangu mbili mbili, fangasi na bakteria kutoka tumbawe lilelile, nikiangalia mpaka unaowatenganisha. Mahali wanapokutana rangi hubadilika. Nimeona mmoja mweupe kabisa ametoa mstari wa kahawia upande ule tu uliomwelekea bakteria.

Cha tatu ni pesa. Antibiotiki mgonjwa huinywa siku saba akaacha. Dawa ya presha huinywa maisha yake yote. Kampuni kubwa nyingi zimeuacha utafiti wa antibiotiki kwa sababu hiyo, na hilo linaniumiza kuliko hayo mawili ya kwanza.

---

Mwalimu_wa_Tukuyu

Ndaga fijo, ndugu zangu wote. Ndaga dada wa Iringa, na mzee wa Mbarali.

Mama jirani nimemweleza habari ya polisi wa Oxford. Alinyamaza muda, akaniambia, "Na mkojo wake wakaurudia?" Akasikitika sana alipojua alikufa.

Dada, nina ombi. Nataka watoto waone fangasi akiota kwa macho yao, na shule haina agari. Nimefikiria mwani wa Zanzibar, si ndio unaotengenezwa agari? Au gelatini ya dukani?

---

Mnyalukolo_Maabara

Mwalimu, mwani unaolimwa Zanzibar hutoa karajinani, agari hutoka kwa mwani mwekundu wa aina nyingine. Gelatini itayeyuka siku ya joto, na bakteria wengine huila.

Lakini huna haja ya vyote viwili. Kabla ya agari Robert Koch mwenyewe, yule Mjerumani bingwa wa bakteria, alikuwa akiotesha vimelea kwenye vipande vya viazi vilivyochemshwa. Agari ilikuja mwaka 1881 kwa wazo la mwanamke, Fanny Hesse, aliyekuwa akiitumia jikoni kugandisha jeli, mumewe akifanya kazi kwenye maabara ya Koch. Wewe uko Rungwe, viazi viko mlangoni.

Kata kiazi kipande cha unene wa kidole, kitumbukize kwenye chupa ya jamu iliyooshwa kwa maji yaliyochemka, weka kijiko cha maji, funika kwa kulegeza, ichemshe yote ndani ya sufuria nusu saa. Ikipoa mwanafunzi aguse kiazi kwa kitu kimoja tu: jani, udongo, ganda la chungwa. Moja iachwe bila kuguswa kabisa, ndiyo itakayowasemea nyingine. Kisha ziba kwa selotepu na zisifunguliwe tena. Nakusihi kwa hilo: zisifunguliwe, na usaha au mate ya mtu yasiwekwe humo. Mkimaliza zichemshwe hivyohivyo zikiwa zimelegezwa kifuniko, saa nzima, upepo ukipita, ndipo zifukiwe.

---

Mwalimu_wa_Tukuyu

Tumefanya jana kipindi cha mwisho. Nilichora ubaoni Ruaha kutoka Usangu mpaka Mafia, na juu ya Mafia nikachora polipu mkubwa kama chungu, na ute, na fangasi ndani ya ute. Binti wa dawati la nyuma alikuja mbele mwenyewe akaongeza boti ya kaka yake.

Kisha nikaitoa ile karatasi kwenye daftari. Sikuwa nimepanga. Niliwasomea dawa moja moja na herufi yake, na nilipofika kwenye seftriaksoni nikawaeleza habari za Cagliari. Darasa lilikuwa kimya, mpaka kijana mmoja akauliza ikiwa bakteria wamejifunza kuizoea dawa ya fangasi, je, yule fangasi kule baharini naye hajajifunza kutengeneza nyingine? Nimeliandika swali lake pembeni ya karatasi, dada, ukipata nafasi unijibu.

Chupa ziko nne juu ya kabati la ofisi, selotepu mbili mbili: udongo wa bustani ya shule, gome la mparachichi, ganda la ndizi, na moja haikuguswa. Leo asubuhi nimezitazama, bado viazi vitupu. Jumatatu nitarudi hapa niwaambie kilichoota.